Mapigo ya Bi Mkubwa

Jumamosi, Machi 1

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Daftari lenyewe nilimnyang'anya mwanafunzi wiki iliyopita katikati ya somo la hesabu za sehemu. Ukurasa wa kwanza amenichora mimi nikiwa na meno ya farasi. Nimeuacha, maana meno ameyachora vizuri kuliko anavyochora pembetatu.

Humu nitaandika mapigo ya moyo ya Bi Mkubwa kila asubuhi mpaka siku ya mashindano, Mei 3. Bi Mkubwa ni farasi wangu, jike, rangi ya kahawia, umri miaka kumi na tano. Jina alipewa na mume wangu wiki tuliyooana, miaka kumi iliyopita. Alisema ameingia kwenye ndoa akakuta mwenye nyumba yupo tayari, basi yeye atakaa kwa adabu na kusubiri zamu yake.

Mimi na Bi Mkubwa tumeshiriki mbio za masafa marefu misimu sita, tumemaliza kilomita 920. Za Mei ni kilomita 80. Anayefikisha elfu na farasi mmoja hupewa beji ya chama, ya kushona kwenye koti. Chama kizima anayo mtu mmoja tu, naye ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na tangu aipate hajavua koti hata jua likiwa la utosi.

Mapigo leo: 36, kawaida yake; yakipanda, kuna kinachomuuma. Nasikiliza kwa stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, sekunde kumi na tano, nazidisha kwa nne. Tisa mara nne. Mwenye saa ni mume wangu. Yeye ni fundi cherehani na anaogopa farasi, kwa hiyo anasimama nje ya uzio, utepe wa kupimia nguo shingoni, anasema "Haya" na "Basi" kama refa.

Jumapili, Machi 2

Mapigo 36. Kilomita 12. Mvua.

Jumatano, Machi 5

Mapigo 36. Nimefundisha vipindi vitatu nikiwa na nyasi kavu kwenye nywele. Hakuna aliyeniambia. Darasa limesikiliza vizuri kuliko siku zote, nikadhani ni mimi.

Jumapili, Machi 9

Mapigo 36. Nimetoka na wifi, kilomita 25 kwenye tope. Wifi ana farasi kijana anayeshtuka akiona mfuko wa plastiki, na wifi mwenyewe anashtuka akiona nimemtangulia.

Tulipofika juu ya kilima Bi Mkubwa alisimamisha masikio, akavuta hatamu mkononi mwangu na kuondoka. Kuna watu wanasema farasi wa mashindano anaonewa. Waje wamwone huyu trela likifunguliwa. Anapanda mwenyewe kabla sijamaliza kumwambia apande.

"Wifi, huyo mzee wako bado ana mbio," wifi akaniambia tulipofika chini.

"Mzee ni wewe," nikamjibu. "Huyu ni mtu mzima."

Amecheka mpaka farasi wake akashtuka tena.

Jumamosi, Machi 15

Mapigo 36. Amekuja Mzee wa Kwato kubadilisha viatu vya chuma vya Bi Mkubwa. Huyu mzee husalimia farasi kwanza, sisi baadaye tukibahatika. Amevua kiatu cha mguu wa nyuma wa kushoto akakiweka kiganjani kwangu. Mbele kimelika, kimekuwa chembamba kuliko vile vitatu vingine.

"Mama, anaburuta ncha ya ukwato."

"Ni tope, mzee. Si unaona tope lote hili."

"Miguu yote minne ina tope," akasema, akaendelea kupiga misumari.

Jumanne, Machi 18

Mapigo 40. Kuna mbwa alipita. Farasi yeyote angeshtuka.

Ijumaa, Machi 21

Mapigo 36. Kusema kweli ilikuwa tisa na nusu hivi, nimeandika tisa.

Shuleni leo nimempa sifuri kijana aliyepata jibu la watu watatu na nusu. Nimemuuliza huyo nusu yuko wapi, tumwite tumsalimie. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Jumapili, Machi 30

Mapigo 36, kwa kukadiria.

Kilomita 40 leo, bila wifi, mimi na Bi Mkubwa peke yetu. Mvua ilikatika saa mbili asubuhi, majani yananuka vizuri, barabara ya chini imejaa madimbwi na kila dimbwi yeye analiruka kwa madaha kana kwamba kuna watu wanatazama. Nimeimba. Nikiwa juu yake huwa naimba vibaya na halalamiki. Nimefurahi leo mpaka nimeona huruma kwa watu wasio na farasi.

Tulivyorudi alikunywa ndoo mbili, akasimama. Kawaida huenda moja kwa moja kwenye pumba. Leo alisimama kwanza, mguu wa nyuma wa kushoto ameupumzisha, ncha tu inagusa chini. Dakika kumi hivi. Kisha akaenda kula. Uchovu, bila shaka. Mimi mwenyewe nimekaa chooni nimeshindwa kunyanyuka.

Jumatano, Aprili 2

Mapigo 40. Mvua usiku kucha, bati linapiga kelele, nani angelala?

Alhamisi, Aprili 3

Mapigo 40. Mvua.

Jumanne, Aprili 8

Mapigo 40. Nimesoma mahali kwamba hata 44 ni kawaida kwa farasi. Kwa farasi, ndiyo. Kwa huyu, miaka kumi yote ni 36. Nimefunga kitabu.

Jumamosi, Aprili 12

Leo nitaandika ndefu.

Asubuhi nilipima kama kawaida. Mume wangu akasema "Haya", akasema "Basi". Nikaandika 40. Kalamu bado iko mkononi, nikamsikia nje ya uzio:

"Kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Midomo yako. Ukihesabu unaichezesha. Imehesabu kumi na moja, umeandika kumi."

Nikamwambia hajui lolote kuhusu farasi, mtu asiyeweza hata kumpa karoti bila kuirusha kutoka mbali.

"Kweli, farasi siwajui," akasema, wala hakukasirika. "Najua kupima. Kila mteja anayeingia dukani kwangu ananiambia kiuno kimepungua. Sibishani naye. Naandika cha utepe, nashona, nguo inamkaa."

Kisha akasema, taratibu, kwamba Machi ishirini na moja midomo ilihesabu kumi nikaandika tisa, na Machi thelathini hivyo hivyo.

"Ulijua muda wote huo?"

"Nilidhani ndiyo hesabu yenu ya farasi."

Nilibamiza mlango wa banda, nikaingia ndani, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi kwa hasira. Kila ukurasa nimeandika kwa wino mwekundu "Onesha njia". Nimeandika mara ishirini na nane. Daftari la ishirini na tisa nikaanza kulia. Niliona aibu, aibu hasa, ile ya kushikwa na mtu anayekupenda. Mwalimu wa hesabu, miaka kumi na saba kazini, naiba pigo moja moja kutoka kwenye kifua cha mnyama asiyejua kusoma.

Na nimeiba kwa sababu nyepesi kabisa. Nataka beji. Nataka kuingia kwenye mkutano wa chama nimevaa koti kwenye joto na wifi aone. Basi, ni hilo tu, hakuna jingine.

Jioni nimerudi bandani. Nimeacha mambo ya sekunde kumi na tano, maana pale katikati ya kuzidisha ndipo nilipokuwa najificha. Nimehesabu dakika nzima. Mume wangu akashika saa. 44.

Jumapili, Aprili 13

Mapigo 44, dakika nzima. Nimemwomba msamaha mume wangu. Amesema amenisamehe, ila niseme vizuri kuhusu karoti, siku ile moja aliiweka karibu sana.

Jumanne, Aprili 15

Amekuja daktari wa wanyama. Ni mwanamke mfupi anayezungumza polepole, unaweza kuchemsha chai kati ya sentensi zake mbili. Amemkunja Bi Mkubwa mguu wa nyuma wa kushoto, ameushikilia dakika moja, kisha akaniambia nikimbie naye mbele na kurudi. Hatua tatu za kwanza alichechemea. Nimeziona kwa macho yangu.

"Baridi yabisi," daktari akasema. "Imeanza kwenye kifundo."

"Imetokana na mashindano?"

"Ni umri. Ni kilomita. Ni alivyozaliwa. Usiniombe asilimia, mwalimu, sina."

Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Ameniambia kutembea ni dawa kwake, kusimama bandani kutamkaza. Kilomita kumi za taratibu, hata kila siku, sawa. Kilomita themanini kwa siku moja ni jambo lingine. Akiendelea na mwendo mdogo ana miaka kumi mbele yake, pengine na zaidi, miaka mizuri. Akiendelea na mashindano, huu msimu anaweza kuumaliza vizuri tu.

"Utakachomfanyia leo utakiona baada ya miaka mitatu," akasema. "Ndiyo maana watu hukifanya."

Akatoa dawa ya maumivu. Nikamuuliza kama inaruhusiwa kwenye mashindano. Akasema hairuhusiwi, na inakaa mwilini wiki kadhaa. Nikamwambia basi tusubiri kwanza, tuone kama atapona kwa kupumzika. Daktari akairudisha mkobani polepole sana.

"Na mapigo yakirudi thelathini na sita kabla ya mashindano?" nikamuuliza.

"Nitakuwepo pale getini, nitampima kama ninavyopima wote. Ila mimi napima farasi. Wenye farasi wanajipima wenyewe."

Mume wangu alikuwa nje ya uzio. Amesikia habari ya dawa.

Ijumaa, Aprili 18

Mapigo 42. Tunatembea tu, mimi kwa miguu, yeye pembeni. Anaona ajabu.

Jumatano, Aprili 23

Mapigo 39. Mvua imepungua.

Jumanne, Aprili 29

Mapigo 36. Nimehesabu mara mbili. Mume wangu akasema midomo inakubali. Nimemkumbatia Bi Mkubwa shingoni, akanikanyaga.

Jioni nimempigia wifi simu kumwambia nakuja. Amesema vizuri, amechoka kuvaa koti peke yake.

Jumamosi, Mei 3

Ni jioni, mikono bado inanuka jasho la farasi. Ngoja niandike kabla sijaanza kukadiria tena.

Alfajiri trela lilipofunguliwa Bi Mkubwa alipanda mwenyewe. Mapigo 36. Njia imegawanywa mizunguko mitatu: thelathini, thelathini, ishirini. Kila baada ya mzunguko kuna geti la daktari. Moyo lazima ushuke mpaka 64 ndani ya dakika ishirini, kisha farasi anakimbizwa mbele na kurudi waone kama anachechemea, kisha mapumziko ya dakika arobaini. Asiyemaliza mizunguko yote haandikiwi hata kilomita moja.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Ardhi laini, upepo, Bi Mkubwa anatembea na masikio mbele, watu wawili vijana tumewapita wakatuamkia. Getini moyo ulishuka mpaka 56 kwa dakika nne. Daktari akaandika, hakuinua macho.

Mzunguko wa pili, kama kilomita ya hamsini hivi, nikaanza kusikia kitu kwenye tandiko. Si kuchechemea. Ni ule mguu kuchelewa kidogo, kila mara, kwenye mteremko. Nikashuka, nikatembea naye mteremko mzima. Wifi akanipita, akapunguza mwendo.

"Kuna nini?"

"Nanyoosha miguu."

"Yako au yake?"

Nikaendelea kuteremka.

Getini nikammwagia maji shingoni na kifuani. Dakika tano, 72. Dakika kumi, 68. Dakika kumi na saba, 62. Nikakimbia naye mbele na kurudi. Daktari akamtazama muda mrefu.

"Amepita," akasema. "Kwa kanuni, amepita."

Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akaita farasi mwingine.

Wifi alikuwa amenisubiri kivulini. Farasi wake alikuwa tayari na angeweza kuondoka, hakuondoka.

"Umepita, wifi. Zimebaki ishirini," akasema. "Nitakwenda na wewe polepole mpaka mwisho. Tukiwa wa mwisho na tuwe wa mwisho. Beji hawaangalii ulifika saa ngapi."

Sijawahi kumpenda wifi yangu kama pale. Na kitu kilichokuwa kinanichanganya ni Bi Mkubwa mwenyewe. Alikuwa anatazama kamba ya kuanzia. Masikio yamesimama, ananivuta mkono. Alitaka kwenda. Nikijidanganya hapa itakuwa rahisi, niseme aliniomba tuache. Hakuniomba. Angekwenda ishirini zile kwa furaha, na nyingine ishirini baada ya hapo kama ningemwambia.

Nikamtazama mume wangu nje ya kamba ya watazamaji, akiwa na begi la maji, utepe shingoni hata huko.

"Njoo unishikie saa," nikamwambia. "Sikusikii kutoka huko, kuna kelele."

Akaangalia kamba. Akaangalia Bi Mkubwa. Akainama akapita chini ya kamba, akaja akasimama karibu kabisa na kichwa cha farasi, ameshika saa kwa mikono miwili. Bi Mkubwa akamnusa sikio. Mume wangu akafumba macho.

"Fumbua, hutaona saa," nikamwambia.

"Haya," akasema.

Nikahesabu kwa sauti. Dakika nzima, kila pigo. Ilikuwa dakika ya thelathini na tano ya mapumziko, na siku zote wakati huo moyo wake huwa umeshafika 44.

"Basi."

"Sitini," nikasema.

Safari hii mume wangu hakuwa na haja ya kuangalia midomo yangu, moyo wa Bi Mkubwa nimeusikia mwenyewe. Masikio yanataka twende, na ndani huko moyo umebeba maumivu ambayo mimi nilikataa yapewe dawa ili nipate kitambaa cha kushona kwenye koti.

Nikafungua tandiko. Wifi akaona, akageuza farasi wake, akaenda zake kwenye kamba. Kabla hajaondoka nikaona anajifuta uso kwa mkono wa koti lile lile. Daktari aliponiona namvua lijamu alifungua mkoba kabla sijafika. Mume wangu akamshikia Bi Mkubwa kichwa wakati anachomwa sindano, yeye mwenyewe akiangalia pembeni.

Njiani kurudi nyumbani nimelia kidogo. Kisha tukasimama kununua karoti.

Jumapili, Mei 4

Mapigo 38. Tumelala wote mpaka saa nne.

Jumatano, Mei 7

Mapigo 36. Nimemwita ubaoni yule kijana wa watu watatu na nusu. Nimemwambia aoneshe njia, tumeifuata pamoja, kumbe alikosea mstari wa pili tu. Nimempa alama nne kati ya tano.

Jumamosi, Mei 10

Mapigo 36. Wifi amekuja na gunia la nyasi kavu. Mbio alimaliza, wa saba. Anataka Bi Mkubwa atembee na farasi wake kijana, ili kijana ajifunze kutoogopa mifuko ya plastiki.

"Kilomita tano, kila Jumapili," akasema. "Nitamlipa mshahara wa ualimu."

"Ualimu haulipi," nikamwambia. "Leta karoti."

Alikuwa amevaa blauzi tu, bila koti.

Jumapili, Mei 18

Mvua zimekwisha. Leo tumetembea kilomita tano, farasi wawili na mawifi wawili. Kijana ameona mfuko wa plastiki, akamtazama Bi Mkubwa, Bi Mkubwa akaukanyaga akapita. Na kijana akapita.

Niliporudi nikakuta koti langu la kupandia limetundikwa kwenye mlango wa banda. Kifuani upande wa kushoto kuna beji ya kitambaa cha buluu, uzi wa dhahabu, kazi safi kabisa, naijua mishono ya mume wangu. Imeandikwa: BI MKUBWA, 980. Nimeisogeza karibu na macho nikaona vitundu vidogo vya sindano kuzunguka tarakimu. Kulikuwa na namba nyingine hapo, ndefu zaidi, imefumuliwa.

"Uliishona lini?" nikamuuliza.

"Aprili. Ilikuwa mfukoni siku ile."

"Kwenye kitabu cha chama ni mia tisa na ishirini. Zile sitini hazihesabiwi."

"Sasa zile sitini alikwenda nani, mimi?" akasema. "Chama kiandike chake. Mimi naandika cha utepe."

Nimevaa koti. Kulikuwa na joto kali na sikulivua. Nimechukua stetoskopu, na mume wangu akaingia ndani ya uzio na saa yake, akasimama upande wa kichwa, karoti imeinuliwa kwenye kiganja wazi, vidole vimenyooshwa kama nilivyomfundisha.

"Haya," akasema.

Mapigo 36. Nimehesabu dakika nzima.